Je, Wajua? Ganda la Risasi Halisahau Chemba Lilimofyatuliwa

Nchini Marekani, wawindaji na walenga shabaha wengi hujaza upya maganda ya risasi zao. Risasi hizo zikikataa kuingia chemba ya bunduki, lawama huiangukia bunduki hiyo, ilhali mara nyingi chanzo ni ganda lenyewe. Ganda hutengenezwa kwa aloi ya takriban asilimia 70 ya shaba na 30 ya zinki. Likifyatuliwa, shinikizo la gesi hulitanua hadi kuta za chemba, kisha ganda hunywea kidogo tu. Likisukumwa katika kalibu ili lirudishiwe umbo, shingo hurefuka. Ganda la .30-06, lililoanza kutumiwa na jeshi la Marekani mwaka 1906, halipaswi kuzidi milimita 63.35; likizidi, hukatwa.

Je, kosa haliwezi kuwa kichwa cha risasi kilichochomoza mno? Laweza, ndiyo maana ganda tupu lililorudishiwa umbo hujaribiwa kwanza. Likikwama, kichwa hakihusiki: pima urefu, kisha bega, yaani sehemu inayopungua kuelekea shingo. Likiingia bila shida, kagua jinsi kichwa kilivyopachikwa, kwani kubana mdomo wa ganda kupita kiasi huweza kuvimbisha bega. Wapo wanaoshauri bega lirudishwe nyuma kabisa ili kumaliza ubishi. Tiba hiyo huzaa ugonjwa mwingine: ganda linalopwaya hurefuka kila linapofyatuliwa, na mwishowe huweza kukatika karibu na kitako na kuachia gesi yenye moto. Bega lirudishwe kwa kiasi tu, na komeo la bunduki likigoma lisilazimishwe.