Prosesa Inasubiri Diski

Kompyuta nyingi za steshenari huku Wazo na Tegeta, jijini Dar es Salaam, ni za mtumba. Mteja amesimama kaunta akingoja CV yake ichapwe, kiduara kinazunguka kwenye kioo, na mwenye duka anatoa hukumu ile ile ya siku zote: prosesa imezeeka. Fundi naye ana tiba yake, kupiga Windows upya. Naamini wote wawili mara nyingi wanapapasa pasipouma, na pesa inayotumika hapo ingetosha kuiponya mashine.

Ushahidi uko ndani ya kompyuta yenyewe. Ikistaki, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha linaloonyesha kazi ya kila kifaa lifunguke. Kwenye mashine yenye diski ngumu ya kuzunguka, mara nyingi utakuta diski imefika asilimia 100, huku prosesa haijagusa hata asilimia 20. Prosesa ina nguvu ya kutosha, ila inasubiri iletewe data. Diski za laptop nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Kabla ya kusoma chochote, mkono wake husogea hadi penye data, kisha sahani izunguke mpaka sehemu inayotakiwa ipite chini yake, na safari hiyo hula milisekunde 10 au zaidi. RAM hujibu kwa takribani nanosekunde 100. Tukizifanya nanosekunde hizo 100 kuwa sekunde moja, SSD ya kawaida, yaani diski isiyozunguka, ingejibu baada ya robo saa hivi, na diski ya kuzunguka baada ya siku nzima na karibu saa nne juu yake.

Mfumo endeshi unaingia hapa. Mashine ikiwashwa tu, Windows inatafuta masasisho, antivirasi inakagua mafaili, programu za kujiwasha zenyewe zinajipanga, na zote zinabisha mlango mmoja wa diski. RAM ya GB 4 ikijazwa na kurasa za intaneti, mfumo huhamishia baadhi ya data kwenye diski na kuirudisha inapohitajika, kwa hiyo RAM ndogo nayo inageuka mzigo wa diski. Windows 7 ya biti 64 ilitaka angalau GB 2. Windows 11 inataka GB 4, na hicho ni kizingiti cha kuingilia tu. Ndiyo maana nasema shilingi ya kwanza iende kwenye SSD, ya pili kwenye RAM.

Fundi atauliza: mbona nikipiga Windows upya inakuwa nyepesi? Ni kweli, kwa sababu programu za kujiwasha zimefutika. Zikirudishwa, foleni inarudi, maana diski ni ile ile. Nakubali pia kwamba anayehariri video za harusi anahitaji prosesa yenye nguvu hasa. Hata yeye, kwa joto la Dar na vumbi la barabara zetu za ndani, aanze kwa kusafisha feni: prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. SSD haiwezi kuziba pengo hilo. Kwa duka la kuchapa na kuprinti, Linux, mfumo endeshi huria, ni njia ya kweli, na programu huria kwetu si jambo geni: mwaka 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kikwazo kikubwa cha Linux ni printa, kwani baadhi hazina draiva ya Linux. Kwa hiyo iwashe kwanza kutoka kwenye flashi, bila kufuta chochote, uunganishe printa ile ile ya dukani na uchape ukurasa mmoja.