Sumu Inayozaliwa Mara Mbili

Mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana amekaa kitini, dripu ya irinotekani inashuka tone kwa tone. Mara jasho linamtoka, mate yanamjaa mdomoni, tumbo linamsokota, anauliza choo kiko wapi. Muuguzi hababaiki. Anamchoma sindano ya atropini, na baada ya muda mfupi hali inatulia. Kuhara huku kwa siku ya kwanza ni neva tu zilizochokozwa. Kunakotisha ni kule kunakozuka siku kadhaa baadaye, mtu akiwa kwake.

Irinotekani imetokana na kemikali ya mti wa China ambao wenyeji huuita mti wa furaha. Jina la kejeli kwa aliyewahi kushinda chooni kwa ajili yake. Mwilini hugeuka kuwa SN-38, sumu inayokatakata DNA ya seli inapojigawa. Seli za saratani hujigawa haraka, lakini za utumbo mwembamba nazo hazichezi: ukuta wake wa ndani hujivua na kujivika upya kila baada ya siku 3 hadi 5. Seli changa huzaliwa ndani ya vishimo, hupanda taratibu kwenye vijidole vinavyofyonza chakula, na zikifika kileleni hupukutika. Sumu ikiziua seli mama mle shimoni, leo huoni kitu. Vijidole vinaendelea kupukutika bila warithi, hadi ukuta unabaki kipara, maji yanapita bila kufyonzwa.

Ini, kwa kweli, lilishajitahidi. Liliibandika SN-38 asidi ya glukuroni, likaipokonya makali, likaitupa utumboni pamoja na nyongo. Huko ndiko mambo yanakoharibika. Bakteria wa utumboni wanaitaka asidi ile kwa chakula. Wanaibandua kwa kimeng'enya chao, na SN-38 inabaki tupu, kali kama mwanzo, safari hii ikiwa imegusana na ukuta wenyewe. Hawana chuki na mtu; wanatafuta riziki.

Wapo pia waliorithi ini linalobandika polepole, na hao huhitaji dozi ndogo tangu mwanzo.

Kwa hiyo mgonjwa hupewa loperamidi aondoke nayo, pamoja na maagizo ya daktari yasiyofanana na yale ya kwenye pakiti: vidonge viwili choo kikianza tu kulegea, kisha kimoja kila baada ya saa mbili, mpaka zipite saa 12 bila kuhara. Maji ya chumvi na sukari yawe karibu. Homa ikipanda hata saa nane za usiku, ni hospitali, maana chembe nyeupe za damu nazo huenda zimeshuka, na ukuta uliokwanguka hauwazuii tena bakteria kuingia kwenye damu.