Sura Zile Zile, Saa Nyingine: Zelda Mbili Zikilinganishwa

Wapo wenzetu hapa kitivoni wanaoshikilia kwamba mchezo wa video si kazi ya kuhakikiwa. Ukiwabana, hoja yao kubwa ni ile ya mwendelezo: eti mchezo ukiuza vizuri, kampuni inautoa tena na rangi mpya, kwa hiyo biashara ipo lakini fani hakuna. Sasa hebu tuchukue mfano ambao kwa juu juu unawapa haki kabisa, tuone kama hoja yao inasimama.

Novemba 1998 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa The Legend of Zelda: Ocarina of Time. Aprili 2000 ikatoa Majora's Mask. Mtayarishaji Shigeru Miyamoto alitaka ule wa kwanza utolewe upya, mahekalu yake ya mafumbo yakiwa yamepangwa vingine. Eiji Aonuma, aliyekuwa ameyabuni mahekalu hayo, hakupenda kurudia kazi yake mwenyewe. Akaambiwa: basi, tengeneza Zelda mpya kwa mwaka mmoja. Akaiongoza kazi hiyo pamoja na Yoshiaki Koizumi. Lakini mwaka mmoja hautoshi kuchonga watu wapya, kwa hiyo wakachukua wahusika wa mchezo wa kwanza, sura zao na mwendo wao, wakawaweka katika nchi nyingine na maisha mengine. Kama kuna mwendelezo uliozaliwa na uhaba, ni huu.

Tuangalie kwanza msuko wa ule wa awali, maana bila huo wa pili hausomeki. Kijana Link anachomoa upanga kwenye jiwe, analala miaka saba, anaamka mtu mzima na kuikuta nchi ya Hyrule iko mikononi mwa Ganondorf. Soko lililojaa watu sasa lina wafu wanaotembea. Ni hadithi ya shujaa kama tunazozijua: safari, mitihani, ushindi. Ila angalia wakati unavyofanya kazi humo. Wakati ni mtumishi wa shujaa. Akitaka anarudi utotoni, akitaka anakuwa mkubwa. Adui naye ni mvumilivu ajabu. Ukiamua kwenda kuvua samaki wiki nzima, nenda tu, Ganondorf atakungoja kasrini. Taharuki imo katika maneno ya wahusika, mchezaji mwenyewe haihisi.

Majora's Mask unageuza jambo hilo moja, na kila kitu kinageuka nalo. Link, aliyerudi kuwa mtoto, anaingia nchi ya Termina. Mwezi wenye uso unashuka juu ya mji wa Clock Town, nao utaanguka saa kumi na mbili asubuhi ya siku ya nne. Saa imechorwa chini ya kioo, inakwenda, haikungoji. Siku tatu hazitoshi kumaliza kazi, hivyo Link anapuliza wimbo na kurudi asubuhi ya siku ya kwanza. Anabaki na vinyago na nyimbo alizopata. Mishale na pesa zinapotea, isipokuwa pesa alizoweka benki. (Jamani, hata dunia ikianza upya benki inakumbuka!) Watu, hapana. Wote wamemsahau.

Hapa ndipo nionapo mimi kwamba mwendelezo umeupita uliotangulia. Katika Hyrule wahusika wadogo wanasimama mahali pao wakimsubiri shujaa. Katika Termina kila mmoja ana ratiba yake, uwepo usiwepo. Mwalimu wa upanga anajigamba mchana kwamba ataukata mwezi. Usiku wa mwisho unamkuta chumba cha nyuma, amejikunyata, anatetemeka. Tarishi wa posta anagaagaa sakafuni: anataka kukimbia, lakini kukimbia hakumo kwenye ratiba. Anju, mwenye nyumba ya wageni, anamngoja mchumba wake Kafei, ambaye uchawi umemfanya mtoto na aibu imemfanya ajifiche. Kuwakutanisha kunakula siku zote tatu. Wanakutana mwezi ukikaribia kuanguka, wanakataa kukimbia, wanasema wataingoja asubuhi pamoja. Na wewe? Unapuliza wimbo wako. Asubuhi Anju anangoja tena, na ushahidi pekee kwamba mambo yale yalitokea ni kinyago mfukoni mwako.

Niulize basi: wema usiokumbukwa na aliyetendewa ni wema? Swali hilo halisemwi na mhusika yeyote. Linatoka katika kanuni za mchezo wenyewe, mkono wako ndio unaolifuta lile tendo jema. Mwenye kutafuta mahali ambapo fani na maudhui haviwezi kutenganishwa, ahangaike hapo.

Hata ule uhaba umezaa kitu. Katika mchezo wa kwanza yuko Malon, msichana wa shambani, tunayemwona mdogo na kisha mkubwa, miaka saba katikati. Katika wa pili sura hizo mbili zimekuwa dada wawili, Romani na Cremia, wakiishi shamba moja. Aliyecheza ule wa awali anaona mtu mmoja akiishi na utoto wake. Usiku wa mwisho mkubwa anamruhusu mdogo kunywa maziwa ya watu wazima, kwa kuwa hatapata nafasi ya kukua.

Kasoro zipo. Mahekalu makubwa ni manne tu, nusu ya yale ya mwanzo, na kumrudia mtu yule yule kwa mazungumzo yale yale kunachosha, hasa ukiwa umechelewa kidogo na siku zote tatu zikaenda bure. Kwa safari na upana wa nchi, Ocarina of Time bado uko juu. Kwa hiyo ninayemshawishi aanze na huo, asiruke. Amzoee Malon kwanza, ndipo aende akagonge mlango wa wale dada.