Mpira wa shingoni unapokosea mshipa

KWA mkazi wa Waa ambaye figo zake zimeacha kufanya kazi, barabara ya Likoni–Lunga Lunga huwa na pande mbili tu: kusini kuelekea Msambweni, au kaskazini hadi feri, avuke kwenda Mombasa. Wengi hufika hali imeshakuwa mbaya, na njia ya haraka ya kusafisha damu ni mpira unaopenyezwa katika mshipa mkubwa wa shingo mpaka karibu na moyo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1929 daktari Mjerumani, Werner Forssmann, alijipitishia mpira kutoka mkononi hadi moyoni, kisha akaenda kwa miguu yake kupigwa eksirei. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1956.

Hatari iko wapi? Shingoni, vena inayorudisha damu moyoni na ateri inayopeleka damu kichwani zimelala ubavu kwa ubavu. Sindano ikichoma ateri, kwa kawaida damu hutoka nyekundu sana tena kwa mapigo. Ikitolewa mara moja na mahali pale pakakandamizwa, aghalabu mgonjwa hapati madhara. Lakini dalili hiyo hudanganya. Kwa mgonjwa ambaye shinikizo lake la damu limeshuka, damu ya ateri huweza kutiririka polepole, na mpira mnene ukapitishwa mle mle.

Hapo hata daktari hodari huponzwa na haraka. Mpira mnene ulioingia ateri hauchomolewi hivi hivi na kubanwa kwa pamba. Damu yaweza kujaa shingoni na kuziba njia ya pumzi, au mgonjwa akapata kiharusi. Huachwa papo hapo, akaitwa daktari wa upasuaji wa mishipa.

Kinga kubwa ni ultrasaundi, inayomwonyesha daktari mshipa kabla hajachoma. Ulizeni kama itatumika. Kuuliza si utovu wa adabu.

Nawe unayemuuguza mzee nyumbani, shingo ikivimba, mdomo ukienda upande, au mkono na uso vikifura hata baada ya miezi, mrudishe hospitali siku iyo hiyo. Mpira ukichomoka, mlaze chali, bana tundu kwa kitambaa safi, wala usijaribu kuurudisha. Tena ulizia mapema upasuaji wa kuunganisha vena na ateri za mkono, maana kiungo hicho huchukua wiki kadhaa kukomaa kabla mpira wa shingoni haujaweza kuondolewa.