Maji ya Kisima Baada ya Mafuriko

Mvua ya Aprili na Mei 2024 bado tunaikumbuka. Kwetu nyanda za Kano, Mto Nyando ulivunja kingo, maji yakaingia nyumbani, chooni na hata kisimani. Yalipopungua, mama aliteka maji ya kisima akayatazama. Yalikuwa meupe kabisa, basi tukayanywa. Siku ya tatu mdogo wangu alianza kuhara na kutapika, tukamkimbiza zahanati usiku. Alipona, lakini tulijua tumekosea.

Je, kosa lilikuwa wapi? Mafuriko hupita vyooni na zizini yakizoa uchafu wote. Yakiingia kisimani, tope hutua chini na maji hung'aa. Hata hivyo, vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havionekani kwa macho. Vimo mle mle!

Sasa tufanyeje? Kwanza, maji hayo yasinywewe, yasipikiwe, wala yasitumiwe kupiga mswaki. Pili, ngojeni mpaka maji yaliyozunguka kisima yapungue ndipo myatoe yaliyo ndani. Mkifanya haraka kuta zaweza kubomoka. Mtu asiingie kisimani ovyo, na pampu ya petroli isiteremshwe humo, kwa maana moshi wake huua. Kazi hiyo waachieni mafundi wa visima.

Tatu, tope liondolewe, kuta zisuguliwe, kisha klorini itiwe. Kipimo hutegemea wingi wa maji, kwa hivyo muulizeni afisa wa afya ya umma. Dawa ikishakaa usiku kucha, maji yatolewe hadi harufu kali iishe, halafu yapelekwe yakapimwe.

Kabla ya majibu kutoka, ya kunywa chemsheni. Yakishatokota, yaacheni yaendelee kwa dakika moja nzima, kisha yawekwe katika chombo safi chenye kifuniko. Lakini jamani, kuchemsha hakuondoi mafuta wala dawa za shambani. Yakinuka vitu hivyo, tafuteni maji kwingine.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumeziba nyufa za kisima chetu, tukainua ukingo wake na kuweka mfuniko. Choo kipya tumekichimba mbali, zaidi ya mita 30. Nanyi wenzangu, jioni mkifika nyumbani, kitazameni kisima chenu kabla mvua nyingine haijaja.