Mama huyu anaokoa watoto wa ploti yetu, cheti pekee hakimtoshi

Hebu nikuulize, msomaji wangu: ukisikia neno shujaa, ni nani hukujia akilini? Pengine mwanariadha mwenye medali shingoni, au wazee waliopigania uhuru. Mimi hunijia mama mmoja wa hapa Kayole. Umri umepita hamsini, raba miguuni, mkoba mgongoni, na simu iliyopasuka kioo upande mmoja. Sisi humwita Daktari wa Ploti. Si daktari. Hana digrii, na hapo tunaelewana sana, maana hata mimi chuo niliachia mwaka wa pili karo ilipokosekana.

Kazi yake rasmi ni mhudumu wa afya ya jamii. Umewahi kumwona wako? Ni yule anayebisha mlango saa za jioni na wewe unanyamaza ndani ukidhani ni keyateka amekuja kuulizia kodi.

Nikueleze kwa nini naandika haya. Mwaka jana mpwa wangu alikuwa na miezi minane. Ijumaa akaanza kukohoa. Dada yangu akasema ni baridi tu, ilikuwa Julai na wewe unaijua Nairobi ya Julai. Nikatumwa kemisti, nikarudi na dawa ya kikohozi ya shilingi 150. Tukajiona tumemaliza.

Jumapili jioni Daktari wa Ploti akabisha, akiwa kwenye mzunguko wake wa kawaida. Hakuuliza maswali mengi. Alimwambia dada ampakate mtoto, amtulize, amfungue nguo kifuani. Kisha akatoa saa, akainama, akawa anatazama tu jinsi kifua kinavyopanda na kushuka. Dakika nzima. Mimi nilikuwa nimeweka muziki, akaniangalia mara moja tu, nikazima.

"Hamsini na nane," akasema.

Sikuelewa. Akatufafanulia, na wewe pia shika hii: mtoto wa miezi 2 hadi 11 akivuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika moja, akiwa ametulia, hiyo ni dalili ya nimonia. Kuanzia mwaka mmoja hadi kabla afikishe mitano, mpaka ni 40. Tena alikuwa ameona kitu ambacho sisi watu wazima wawili tulikuwa tumekitazama siku mbili bila kukiona: kifua kilikuwa kinabonyea ndani kila mtoto alipovuta pumzi. Akaandika barua ya rufaa na kunikabidhi. "Kijana wangu, tafuta boda sasa hivi. Si kesho."

Usiku huo mtoto aliwekwa oksijeni. Alilazwa siku nne. Leo anatembea na kazi yake kubwa ni kutafuna waya wa chaja yangu.

Sasa fikiria. Nimonia ni kati ya magonjwa yanayoua watoto wadogo wengi zaidi, hapa kwetu na duniani. Na kilichotuwahi sisi haikuwa mashine ya mamilioni. Ilikuwa saa, na mtu anayejua kuhesabu, na ambaye alibisha mlango bila kuitwa.

Mkoba wake nimeshauchungulia. Kuna kipimajoto, mizani, mashine ya presha, ya sukari, na utepe wa kupima mkono wa mtoto. Huo utepe ndio ulionishangaza zaidi. Unazungushwa kwenye mkono wa juu wa mtoto aliyefikisha miezi sita. Ukisoma kijani, yaani sentimita 12.5 kwenda juu, yuko sawa. Njano, lishe yake inayumba. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, huyo ana utapiamlo mkali na anatakiwa kituo cha afya haraka. Hakuna haja ya umeme wala bando. Mtoto wa jirani alisoma njano, na mama yake alikuwa akituambia kila siku kwamba huyo ni mwembamba kwa sababu wa kwao wote ni wembamba.

Mambo haya hayakuanza jana. Serikali ilizindua mkakati wa afya ya jamii mwaka 2006, na kwa miaka mingi hawa mama na wazee walifanya kazi kama wa kujitolea. Ndipo Septemba 25, 2023, pale Uhuru Park, Rais William Ruto akazindua mpango wa wahudumu takriban 100,000, wakapewa mikoba na simu za kusajili kila nyumba. Kila mmoja anatarajiwa kuhudumia nyumba kama 100. Mwezi uliofuata sheria ya afya ya msingi ikatiwa sahihi, na siku iliyofuata, Mashujaa Dei kule Kericho, mada ikawa afya kwa wote.

Na matokeo yapo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 ulipata kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 115 walikufa kabla ya kufikisha miaka mitano. Ule wa 2022 ulipata 41. Si kazi ya hawa wahudumu peke yao, nikisema hivyo nitakuwa naongeza chumvi. Kuna chanjo, kuna neti, kuna wauguzi, kuna akina mama waliosoma. Lakini chanjo haitembei yenyewe hadi nyumba ya mabati. Kuna mtu huja kukuuliza kijitabu cha kliniki kiko wapi, na mbona ile sindano ya surua ya miezi tisa haijawekwa alama.

Sasa tuje kwa pesa, maana hapa ndipo heshima yetu huanza kunuka kidogo.

Makubaliano yalikuwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya kitaifa, nusu kutoka kaunti. Gawanya kwa nyumba 100. Ni shilingi 50 kwa nyumba, kwa mwezi mzima. Chapo mbili na madondo hupati kwa hizo. Tena wakati anamhesabia mpwa wangu pumzi, hata hizo zilikuwa zimechelewa miezi kadhaa. Nilijuaje? Wiki moja baada ya mtoto kutoka hospitali alikuja kuniomba hotspoti, ripoti za nyumba zimejaa kwenye simu na hana bando la kuzituma. Niliona aibu nisiyoweza kukueleza. Akaniambia amekuwa akifikiria kuachana na mkoba arudie kufua nguo za watu, kwa sababu huko ukimaliza beseni unalipwa hapo hapo.

Huwa tunajua kusherehekea, usidhani hatujui. Mei 2022 muuguzi wetu Anna Qabale Duba wa Marsabit aliposhinda tuzo ya wauguzi ya Aster kule Dubai, dola 250,000, nchi nzima ilichangamka, na alistahili kila senti: amepigana na ukeketaji na ndoa za wasichana wadogo na amejenga shule kijijini kwao. Mimi nilishiriki picha yake mara tatu. Ila huwezi kuwapeleka watu 100,000 Dubai. Hao wanahitaji kitu cha kuchosha zaidi, kisichopigiwa picha: mshahara unaoingia tarehe inayojulikana.

Basi sisi vijana tisa wa ploti tukakubaliana kila mwezi tunatoa kitu kidogo, tunamnunulia bando. Si suluhisho. Anayedaiwa posho si sisi. Nilipompelekea la kwanza alicheka, akasema, "Bando asanteni. Lakini msije mkaambia watu nimelipwa."

Kisha akaninong'oneza ombi lake lenyewe. Kuna wapangaji wapya nyumba namba saba, wana mtoto mchanga, amebisha mara nne na hawamfungulii.

"Nenda uwaambie mimi si wa kodi."

Nilienda jioni hiyo hiyo. Mlango ukafunguka kidogo, macho mawili, mtoto begani. Nikamwambia mama huyo kesho kuna mtu atabisha, ana mkoba mgongoni, afungue.