MBIO ZA NURU SI ZA SAKAFUNI

Muhula uliopita mwenzetu mmoja wa kidato cha tatu alisimama katika mkutano wa chama akadai ati Kiswahili ni lugha ya mashairi tu, sayansi hakiiwezi. Wengi walicheka. Mimi nilinyamaza, lakini neno lile lilinikaa moyoni. Haya basi, leo namjibu kwa jambo la fizikia: kasi ya nuru.

Zamani wataalamu wengi waliamini kuwa nuru haisafiri bali hufika papo hapo. Mnamo mwaka wa 1676 Ole Rømer, mwanafalaki wa Denmark aliyefanya kazi Paris, alieleza jambo la ajabu. Io, mmoja wa miezi ya sayari ya Mshtarii, huingia katika kivuli cha sayari hiyo kila baada ya saa 42 na nusu hivi. Lakini dunia ilipokuwa ikienda mbali na Mshtarii, Io alionekana kuchelewa, ilipokaribia, akawahi. Je, mwezi ulikuwa mvivu? Hasha! Nuru ndiyo iliyokuwa na safari ndefu zaidi.

Siku hizi twajua kwamba katika ombwe, yaani mahali pasipo hata hewa, nuru hukimbia mita 299,792,458 kwa sekunde moja. Hata hivyo, kutoka kwenye jua hadi kwetu huchukua dakika 8 na sekunde 20 hivi. Jua unaloliona ukiwa paredi asubuhi ni la dakika nane zilizopita!

Sasa tegeni masikio. Kasi hiyo haipimwi tena. Kwa nini? Kutoka 1889 hadi 1960 mita ilikuwa umbali kati ya alama mbili kwenye ufito wa madini uliohifadhiwa karibu na Paris, kisha ikapimwa kwa nuru ya gesi ya kriptoni. Baadaye kasi ya nuru ikapimwa kwa usahihi mkubwa hata ikawa mita yenyewe ndiyo yenye walakini. Basi mwaka wa 1983 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo ukaamua: nambari ile isibadilike kamwe, na mita iwe umbali ambao nuru husafiri kwa sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Ukiipima leo katika ombwe ukapata nambari tofauti, usiilaumu nuru. Kagua rula na saa yako!

Haya, ndugu yangu wa kidato cha tatu, umeelewa? Kama umeelewa, basi Kiswahili kimeiweza sayansi. Mwacha asili ni mtumwa.